Nkambo Wetu Alikuwa Kwenye Mgomo wa 1941?

Katika familia nyingi za Lubumbashi na Likasi neno hili linasikika: "Nkambo wetu alikuwa mu mugomo ya 1941. Hakuogopa bazungu." Vijana wanalishika kwa furaha, na kwenye matanga linasemwa mbele ya watu wote. Je, kwenu mmekwisha kutafuta kama ni kweli?

Mgomo wenyewe ulikuwako. Mwezi wa 12 mwaka 1941, wakati wa vita, bei za vitu zilipanda na mshahara haukutosha. Wafanyakazi weusi wa Union Minière waliacha kazi huko Jadotville (Likasi) na Elisabethville (Lubumbashi). Tarehe 9, watu walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira cha Elisabethville. Askari wakawapiga risasi. Karani Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili ya wenzake, aliuawa pamoja na wengine wengi. Hesabu ya wakoloni na hesabu ya watu wa kambi hazikupatana kamwe.

Mtafute namna gani?

Kwanza, hesabuni miaka. Mtu aliyezaliwa 1935 alikuwa mtoto wa miaka 6. Aliyetoka Kasai 1947 kuja kutafuta kazi hakuwa pale.

Pili, fungueni sanduku la karatasi. Tafuteni buku ya kazi, karatasi ya ubatizo, barua za pensheni. Muangalie tarehe, kambi na namba ya kazi. Muangalie na majina: mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kizungu, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na majina mawili.

Tatu, waulizeni wazee, kila mmoja peke yake. "Mama, ulisikia hii kwa nani? Nkambo alifanya kazi gani? Alilala kambi gani?" Msiwape jibu mdomoni. Tena kumbukeni picha za ukutani. Wachoraji kama Tshibumba Kanda Matulu walichora mauaji yale. Mtoto aliyekua akitazama picha ya namna ile anaweza kumuingiza nkambo wake ndani yake, bila nia ya kudanganya.

Na mkikuta jambo lingine? Labda siku ile nkambo alibaki nyumbani kwa kuogopa juu ya watoto wake. Labda yeye alikuwa askari, bunduki mkononi. Hapo wengi wanataka kufunga sanduku.

Ndugu, msilifunge. Biblia haikuficha dhambi ya Daudi wala machozi ya Petro. Luka naye alichunguza mambo yote tangu mwanzo kabla ya kuandika. Ukimpa nkambo wako sifa isiyo yake, unamnyang'anya mtu aliyelala kaburini bila jina. Huo ni ushuhuda wa uongo, hata kama unasemwa kwa mapendo. Na nkambo aliyeogopa akalea watoto saba, hao ndio waliokuzaa wewe. Mshukuru Mungu kwa ajili yake vilevile.

Basi, kaeni pamoja siku ya Mungu nyuma ya ibada, na buku na kalamu. Upande mmoja muandike: "Haya tunayajua." Upande wa pili: "Haya tulisikia tu." Wazee wangali wanasema, msikawie.