Gari Linalochoka Injini Ikishika Joto

Akina mama wenzetu, lipo tatizo moja la gari ambalo limekula fedha za matumizi katika nyumba nyingi tunazozijua. Gari la zamani huwaka asubuhi bila shida, likatoka uani kwa nguvu zake zote, nanyi mkaanza safari kwa furaha. Baada ya dakika 20 au 30, injini ikishashika joto, nguvu zinaanza kupungua. Unakanyaga mafuta, gari haliitiki. Kilima ulichozoea kukipanda kwa gia ya nne sasa kinadai gia ya pili. Mkipumzika kivulini nusu saa, gari linapona kana kwamba halikuwa na kitu. Na likifikishwa kwa fundi limekwisha kupoa, naye haoni ubaya wowote.

Sisi tunaoishi Visiga tatizo hili tunaliogopa kwa sababu nyingine pia. Njia yetu ya kwenda sokoni, hospitali au kwa wakwe ni Barabara ya Morogoro, na barabara hiyo hupitwa usiku na mchana na malori yatokayo bandarini Dar es Salaam kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Gari likiishiwa nguvu mbele ya lori lenye tela, nyuma mmepakia watoto, hapo si habari ya kuchelewa sokoni tena.

Maradhi yanayojificha kwa fundi

Jirani yetu mmoja anayefuga kuku ana pikapu ya Toyota ya petroli, ya miaka ya 1980, yenye kabureta. Huitumia kupeleka trei za mayai mjini mara mbili kwa wiki. Kutoka Visiga hadi Maili Moja pikapu haikuwa na neno. Ikianza vilima vya kuelekea Kibamba ilianza kustuka-stuka, ikamisi, na nguvu zikaisha. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote. Safari iliyofuata, hali ni ile ile. Akabadilisha chujio la petroli, kisha akafunga kabureta ya mtumba. Kila mara alilijaribu gari likiwa limepoa, akalisifu, akachukua fedha yake. Mwisho akasema kwamba injini imekwisha ringi, haina budi kufunguliwa yote. Fedha aliyoitaja ilikuwapo nyumbani, lakini ilikuwa ya sare, madaftari na viatu vya watoto vya mwezi Januari.

Alipotueleza habari hiyo, jambo moja halikutuingia akilini. Injini iliyokwisha ringi huonyesha unyonge wake tangu asubuhi. Hula oili, hutoa moshi wa bluu, na haiponi kwa kupumzishwa chini ya mwembe. Pikapu hii ilikuwa ikipona. Basi yafaa tujue kwamba kasoro inayoonekana wakati wa joto hutafutwa wakati wa joto, na shahidi mkuu si fundi bali ni yule anayeliendesha gari kila siku.

Ndipo tukamshauri jirani yetu aweke daftari ndani ya gari. Binti yake wa sekondari, ambaye huongozana naye siku za Jumamosi, ndiye aliyeandika. Saa ya kuondoka, saa nguvu zilipoanza kupungua, mshale wa joto ulikuwa wapi, kulikuwa na kilima au tambarare, rangi ya moshi, harufu, na gari lilipumzika dakika ngapi kabla ya kupona. Majuma mawili yalitosha.

Daftari lilisema nini

Cha kwanza, mshale wa joto ulibaki katikati siku zote. Hiyo ina maana kwamba maji, feni na thamostati vilikuwa vikifanya kazi. Injini nyingi hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi joto 80 hadi 95 za Selsiasi, na mshale ukipanda juu ya hapo nguvu zinaweza kupungua kwa sababu hiyo peke yake. Tafadhali, mshale ukipanda, zimeni gari na msubiri. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi wakati wa joto, hata kama kuna haraka ya namna gani, maana maji yanayochemka hutoka kwa nguvu na huunguza uso na mikono.

Cha pili, walipofungua kifuniko cha tangi la petroli wakati gari limechoka, hapakusikika sauti ya hewa ikivutwa ndani, na gari halikupata nafuu. Jaribio hili ni rahisi, na laiti mafundi wote wangeanza nalo. Tangi linahitaji kuingiza hewa kadiri petroli inavyopungua. Tundu la hewa likiziba kwa vumbi, pampu hushindwa kuvuta, na gari hufa pole pole njiani. Ukifungua kifuniko ukasikia mvumo wa hewa, na gari likapona papo hapo, umekwisha kulipata jibu lako bila gharama. Jaribio hilo lifanywe injini ikiwa imezimwa, na pasiwe na sigara karibu.

Cha tatu, hapakuwa na moshi mweusi wala harufu kali ya petroli. Kama ingekuwapo, tungeishuku choki iliyokwama. Choki ni kile kibati kinachopunguza hewa ndani ya kabureta ili injini baridi iwake upesi. Isipofunguka injini ikishashika joto, petroli huzidi hewa, plagi zikawa nyeusi kama sufuria ya kuni, na gari likalemewa.

Cha nne, magurudumu hayakuwa na joto la kupita kiasi, wala harufu ya kuungua. Tuliwaambia walichunguze hilo kwa sababu breki inayoshika bila kuachia humdanganya mtu akadhani injini imechoka. Gari linavutwa nyuma na breki zake lenyewe! Kwenye tambarare, ukiweka gia huru, gari lenye kasoro hiyo husimama upesi badala ya kuserereka.

Kilichobaki daftarini ni kustuka-stuka na kumisi, ambako kulianza kila mara kati ya dakika ya 20 na ya 25, na kupona baada ya nusu saa. Kumisi kwa namna hiyo huelekeza kwenye moto wa plagi, ingawa petroli inayochemka ndani ya bomba lililopita karibu na ekzosi nayo huweza kuleta dalili zinazofanana, hasa katika joto letu la Pwani.

Kupima likiwa la moto

Fundi wa pili alipewa daftari kabla ya kupewa gari. Alilisoma lote, jambo lililotufurahisha, akaomba aendeshe yeye mwenyewe mpaka lichoke. Liliposhindwa, hakulizima likapoa, bali aliupima moto palepale kwa plagi ya akiba na koleo lenye mpini wa mpira. Badala ya cheche ya bluu yenye nguvu ilitoka cheche dhaifu ya manjano. Sisi wengine tusijaribu hivyo kwa mikono mitupu, maana umeme unaokwenda kwenye plagi ni maelfu ya volti.

Kisha aligusa koili. Ndani ya koili mna nyaya nyembamba sana za shaba, zimezungushwa mara maelfu na kutengwa kwa rangi na oili. Utengo huo ukizeeka hupata nyufa. Wakati wa baridi umeme unapita njia yake, lakini shaba ikishapata joto umeme huvuja humo humo ndani na moto ukafika kwenye plagi ukiwa umenyong'onyea. Fundi alizima injini, akaifunika koili kwa kitambaa kibichi kwa dakika kadhaa, akaikausha vizuri, akawasha. Nguvu zilirudi, hali injini yenyewe ilikuwa bado ya moto. Kwa hiyo ubaya haukuwa ndani ya injini. Akaazima koili ya gari jingine, akamtuma jirani yetu hadi Kibamba na kurudi kabla ya kudai hata shilingi moja.

Kwa magari ya miaka ya 1990 na kuendelea, yasiyo na kabureta, mambo ya kuchunguza yanaongezeka. Kifaa kinachopima joto la injini kikitoa taarifa za uongo, petroli humwagwa nyingi au kidogo. Masega ya kwenye ekzosi yakiziba, moshi hukosa pa kutokea na gari likabanwa pumzi. Pampu ya petroli ya umeme nayo huchoka ikipata joto. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, fundi asome kwanza inachosema kabla hajafungua boksi la spea.

Tena, gari likichoka barabarani litoeni nje ya lami, wekeni pembetatu mbali nyuma, na watoto washuke upande wa majani.

Turudi kwenye pikapu. Kabla ya kununua koili mpya, fundi alimwambia mwenye gari aende dukani na ile ya zamani mkononi. Magari mengi ya miaka hiyo hutumia koili inayotegemea rezista ya nje, kidude kidogo kinachopunguza umeme usiingie mwingi mno. Koili ya aina hiyo ikifungwa bila rezista hupata joto kupita kiasi na kuungua mapema. Na kweli, alipofuatilia nyaya aliikuta rezista ya pikapu imerukwa kwa kipande cha waya, haijulikani na nani wala lini. Aliirudisha rezista kwanza, ndipo akafunga koili mpya.