Maji Baridi, Maji Chumvi na Mashine ya Povu

Mwanafunzi wa Kiswahili asitafsiri "maji baridi" haraka. Maji ya Ziwa Tanganyika pale Rumonge, Burundi, yana joto la nyuzi 25 hivi. Hata hivyo ni maji baridi, yaani hayana chumvi ya bahari.

Kosa hili huua samaki. Samaki wa ziwa hili, kama Tropheus, hufugwa katika matangi ya kioo hadi Ulaya. Mashine ya povu hunasa uchafu kwa vipovu vidogo, ambavyo hudumu katika maji chumvi. Katika maji baridi vipovu huwa vikubwa, hupasuka, na uchafu hubaki.

Basi, tangi la bahari lichaguliwe mashine kulingana na lita zake na wingi wa samaki. Tangi la samaki wa Rumonge lahitaji kichujio, na maji kubadilishwa kiasi kila wiki.