Land Rover ya zamani: kioo cha kusukuma au cha kuzungusha?

Mwenye Land Rover Series, iwe 88 ya kwendea shambani au 109 inayobeba watu na mizigo, ana lalamiko moja asilochoka kulirudia: madirisha. Kioo cha mlango wa mbele ni vipande viwili vinavyopishana ndani ya chaneli, kwa hiyo hata ukifungua chote umefungua nusu. Manyoya ya chaneli yakishaliwa, kioo kinagonga safari nzima na vumbi linapenya palepale vipande vinapopishana. Ukiegesha mjini, kikomeo kile kidogo hakimzuii mtu mwenye bisibisi.

Basi wengi wanauliza gharama ya kufunga milango ya Defender, ile ya kuzungusha kioo kwa mkono. Kiwanda chenyewe kilichelewa kufika huko. Series II ya 1958 ilikuwa na vioo vya kusukuma, na Series III ilipokoma mwaka 1985 ilikuwa navyo bado. Hata One Ten, iliyokuja kuitwa Defender, ilipotoka 1983 ilianza na vioo hivyohivyo; vya kuzungusha viliingia 1984, pamoja na mlango wa kipande kimoja. Bahati yetu ni kwamba pale ubavuni bodi haikubadilika sana, kwa hiyo mlango wa Defender hukaa kwenye Series kwa marekebisho ya bawaba na loki. Mwenye Mini ya kabla ya 1969 hana bahati hiyo. Vioo vya kuzungusha vilipokuja na Mk III, bawaba nazo zilihamia ndani, na kuipachika milango hiyo kwenye bodi ya zamani ni kazi ya kukata na kuchomelea.

Njia ya bei nafuu ni kuvifufua vya kusukuma, na naona watu wanaikataa upesi mno. Nusu ya juu ya mlango wa Series inajitegemea. Imeshikwa na boliti mbili zinazoshuka ndani ya nusu ya chini. Fungua nati, inyanyue, iweke mezani. Hapo utauona ugonjwa wenyewe. Chaneli ya chini imegeuka kihori: maji ya mvua na vumbi vimekaa humo miaka mpaka chuma kinameguka kwa ukucha. Manyoya mapya huuzwa kwa seti, na hata yakiagizwa Uingereza ni kifurushi chepesi. Chaneli iliyooza, fundi bati mzuri anaweza kuikunja upya kwa bati lenye zinki. Mwambie atoboe matundu ya kutolea maji na apake rangi ndani kabla ya kurudisha manyoya, maana wengi hupaka nje tu panapoonekana.

Kioo nacho hakina taabu, kwa sababu ni bapa. Fundi vioo anakikata kwa kipimo cha kile cha zamani, ila sharti kiwe kioo cha tabaka mbili kama cha mbele ya gari. Ukiona anakata kioo cha dirisha la nyumba, mzuie. Kikipasuka kinatoa mapande makali kama visu. Kile kinachosagika punje punje hakikatwi baada ya kuimarishwa kwa moto, kinaagizwa kikiwa na kipimo chake tayari.

Kati ya njia hiyo na Defender kuna ya tatu, kununua nusu za juu mpya. Hizo zinakupa utulivu kwa miaka, ingawa dirisha litabaki la nusu. Sina zaidi ya kusema juu yake, isipokuwa uchague zilizopigwa zinki.

Sasa milango ya Defender. Kosa la mnunuzi ni kulinganisha bei ya mlango na bei ya mlango. Mlango mpya wa dukani kwa kawaida ni tupu. Kioo, mtambo wa kukipandisha, mkono wa kuzungushia, loki, vitasa vya ndani na nje, raba na kava la ndani vyote vinauzwa kando. Kisha kuna kipokezi cha loki upande wa nguzo, kwa sababu cha Series hakishikani na loki ya Defender. Ukiagiza nje, mlango ni mwepesi lakini ni mkubwa, na wasafirishaji wengi hukutoza kwa nafasi unayochukua. Juu ya hapo kuna ushuru wa forodha, halafu VAT: asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania Bara. Mwishoni kuna rangi, na rangi mpya ubavuni kwenye gari lililopauka itakufanya utamani kupaka gari zima.

Kwa hiyo mlango wa mtumba kutoka Defender inayochinjwa, ukiwa kamili, mara nyingi unashinda mpya ulio tupu, hata kama muuzaji anaonekana kutaka fedha nyingi. Usilipe kabla hujaufungua. Inama utazame ukingo wa chini, mahali bati la alumini limekunjwa juu ya fremu ya chuma. Metali hizo mbili zikikutana na maji zinalana, na dalili yake ni unga mweupe na rangi inayovimba malengelenge. Zungusha kioo juu na chini mara kadhaa; kikipanda kimeinama upande, mtambo umechoka. Na uondoke na funguo.

Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni hali ya nusu ya chini ya milango uliyo nayo. Kama ni nzima, Defender ni anasa ya gharama: unatupa kitu kizuri ili ununue kingine. Kama zimeoza pamoja na za juu, hesabu inageuka. Ungelazimika kununua vipande vinne kwa milango miwili ya mbele, na hapo mlango wa kipande kimoja unakuwa ununuzi wa busara. Milango ya nyuma ya 109 ya abiria iache na vioo vyake vya kusukuma, havifunguliwi kila dakika kama cha dereva.

Kabla ya yote hayo, kagua nguzo ambayo bawaba zimefungwa, hasa chini karibu na miguu ya dereva. Ni chuma, na inaoza. Mlango wenye kioo na mtambo wake ndani ni mzito kuliko ule wa zamani, na ukiufunga kwenye nguzo iliyooza utalegea na kushuka ndani ya muda mfupi. Nguzo ikiwa mbovu, fedha za milango ziende huko kwanza.

Kuna pia suala la kiwiko. Mlango wa Series ni mwembamba kwa sababu hauna mtambo ndani, na dereva wa Land Rover amekaa amebanana na mlango tangu hapo. Wa Defender unakula nafasi hiyo ndogo iliyobaki; ndiyo maana utawaona wenye Defender wamekitoa kiwiko nje. Mtu mnene ajaribu kwanza kukaa kwenye gari la mwenzake.

Ukiamua kubadilisha, patana na fundi kwa kila mlango mpaka ufunge vizuri na raba izuie maji, usikubali bei ya siku. Umwagie mlango maji ya mpira wa bustani kabla ya kumlipa salio. Na milango ya zamani, hasa nusu za juu na vioo vyake, usiiache gereji kama takataka. Ina wanunuzi miongoni mwa wenye Series wanaotaka gari lao libaki kama lilivyotoka kiwandani, na kiasi utakachopata kiondoe kwenye hesabu ya ile mipya.