Utafiti wa Watoto Mtandaoni (2): Kuficha Jina Hakutoshi

Juma lililopita tuliona kwamba sahihi ya mzazi haimwondolei mtoto haki ya kukataa kuhojiwa. Leo tuitazame ahadi ambayo watafiti huitoa kwa wepesi: "Jina lako halitajulikana."

Mwaka 2006 watafiti nchini Marekani walianza kukusanya kurasa za Facebook za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kimoja, kundi la vijana 1,640. Chuo kiliridhia, kampuni nayo ikaridhia. Wanafunzi wenyewe hawakuambiwa. Mwaka 2008 data zilitolewa ili wasomi wengine wazitumie, majina yakiwa yamefutwa na chuo hakikutajwa.

Hazikupita siku nyingi. Idadi ya wanafunzi na orodha ya masomo vilitosha kukifichua chuo: ni Harvard. Na humo walikuwamo wanafunzi waliokuwa peke yao kutoka nchi au jimbo fulani. Chuo kikishajulikana, mtu kama huyo amebakiwa na kificho gani? Data zikaondolewa.

Wako waliojitetea kwamba kurasa zile zilikuwa wazi. Lakini waliozikusanya walikuwa wanafunzi wa chuo hichohicho, na baadhi ya kurasa zilifunguka kwa wanachuo tu. Aliyewafungulia wenzake mlango hakuukaribisha ulimwengu mzima.

Kwa mtoto, hatari huzidi. Binti wa miaka 14 anapowaandikia wenzake kuhusu majonzi yake, maneno yenyewe ndiyo sura yake. Mtafiti akiyanukuu neno kwa neno, yeyote anaweza kuyatafuta kwenye intaneti na kumfikia. Ni heri ayaeleze kwa maneno mengine, na aache kutaja shule, kijiji au chochote kinachomtenga na wenzake.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na pia inataka data za mtoto zishughulikiwe kwa namna inayolinda haki na maslahi yake. Sharti hili la pili halitimizwi kwa sahihi. Kabla ya kuchapisha, mtafiti ajiulize: mwalimu au jirani wa mtoto huyu akiisoma ripoti yangu, atamtambua? Kama jibu ni ndiyo, ahadi imevunjwa, hata kama jina halimo.

Juma lijalo: mtafiti afanye nini mtoto anapomwambia kwamba anadhulumiwa?