Nyambui wa Majita: Aliingia chuoni na miaka 25, akarudi na zaidi ya medali

MUSOMA. Mzazi wa Bunda au Butiama ambaye mtoto wake amerudi kutoka UMITASHUMTA na ubingwa wa mbio huwa na hofu moja: hizi mbio si zitamharibia masomo? Mkoa wa Mara una mtu wa kumtolea mfano, Suleiman Nyambui.

Nyambui alizaliwa mwaka 1953 Majita, Musoma Vijijini, kandokando ya Ziwa Victoria. Alipokuwa na miaka 23, umri ambao mwanariadha ndiyo kwanza anakolea, Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal, Canada, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Miaka minne baadaye Marekani nayo ilitaka nchi zisusie Moscow, ikamtuma hata bondia Muhammad Ali kuja Dar es Salaam kushawishi. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alikataa kuonana naye. Kenya walibaki nyumbani, Tanzania ikaenda.

Agosti 1, 1980, katika fainali ya mita 5,000, Miruts Yifter wa Ethiopia alimaliza kwa dakika 13 na sekunde 20.91. Nyambui alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.69 tu. Fedha hiyo, pamoja na ile aliyoipata Filbert Bayi siku moja kabla, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania ilikuwa nazo hadi Michezo ya Paris 2024.

Kwa mzazi, hata hivyo, jambo zito zaidi ni kwamba wakati huo Nyambui alikuwa mwanafunzi. Alikuwa amekwenda Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, akiwa na miaka kama 25, umri ambao kijijini angeshaambiwa aoe na atafute mtumbwi. Kwa vyuo vya Marekani alishinda mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwaka 1981, jijini New York, aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 za ukumbini.

Riadha ilikuwa bado ya ridhaa, hakuna mishahara. Alichovuna mwanafunzi mkimbiaji ni ada, chakula, malazi na darasa. Leo mzazi akiletewa barua ya ufadhili wa michezo, asiulize tu mtoto atakimbilia wapi. Aulize atasoma nini, na nani atalipa ada akiumia goti.

Nyambui hakuishia hapo. Alihamia marathoni, akashinda Berlin mwaka 1987 akiwa na miaka 34, akarudia 1988. Alipotundika viatu alikuja kuwa Katibu Mkuu wa Riadha Tanzania, na baadaye akaenda Brunei kufundisha wakimbiaji wa huko.