Fundi wa Pasi na Majokofu: Kazi Ndogo Yenye Hesabu Kubwa

Jokofu linapozimika katika nyumba ya Bujumbura, hasara haichelewi kubisha hodi. Mji huu umekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na joto lake la mchana halina huruma kwa samaki, maziwa wala nyama. Mama anayegandisha maji ya matunda ili awauzie watoto wa jirani, au anayehifadhi mikeke aliyoinunua alfajiri, aweza kupoteza mtaji wake kati ya asubuhi na magharibi. Iwapo mumewe ni askari aliye kazini katika mkoa wa mbali, hana wa kumwita ila fundi. Na fundi huyo akiwa si mwaminifu, au akiwa hajui kazi, jokofu litarudi nyumbani likiwa bovu kuliko lilivyotoka.

Kwa hiyo kazi ya kutengeneza vyombo vya umeme vya nyumbani si kazi ya kubeza. Ni kazi ya ufundi, ni biashara, na pia ni amana. Aingiaye humo hana budi kuyabeba yote matatu kwa pamoja.

MTAA WENYE MIKONO MYEUSI

Bujumbura ulikoma kuwa mji mkuu wa siasa mwaka 2019, heshima hiyo ilipohamishiwa Gitega, lakini mambo ya biashara yamebaki kando ya ziwa. Miongoni mwa mitaa yake, Buyenzi ndio unaojulikana sana kwa kazi za mikono. Humo Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani na ya kupatana bei, na humo husikika nyundo, misumeno na mashine za kulehemu tangu asubuhi. Magari hufunguliwa barabarani, na kando yake vibanda vya mafundi hupokea redio, feni na pasi.

Kazi haikosekani, kwa kuwa umeme wenyewe huleta wateja. Burundi hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutokana na nguvu za maji: bwawa la Rwegura, lililoanza kazi mwaka 1986 likiwa na uwezo wa megawati 18, mitambo ya mto Ruzizi, unaotumiwa pamoja na Rwanda na Kongo, na mtambo wa Rusumo wa megawati 80, unaogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Shirika la Regideso ndilo linaloufikisha umeme huo majumbani. Umeme ukatikapo na kurudi kwa kishindo, chombo dhaifu ndicho kinachoumia kwanza.

Aidha, karibu vyombo vyote hivyo hutengenezwa ng'ambo, na vingi hupitia bandari ya Dar es Salaam kabla ya kufika Burundi. Safari hiyo ndefu huongeza bei. Familia yenye mshahara mmoja hupendelea kutengeneza pasi ya zamani kuliko kununua mpya, na hapo ndipo riziki ya fundi ilipo.

FEDHA ZA POSHO NA MWISHO WAKE

Jambo hili lawahusu kwa namna ya pekee watu wa majeshi. Tangu Desemba 2007 askari wa Burundi walitumika nchini Somalia chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, ambacho Aprili 2022 kiligeuzwa kuwa ATMIS, nacho kikafikia mwisho wake Desemba 2024. Posho ya kazi za nje ni fedha za jasho, na mara nyingine ni fedha za damu. Lakini si mshahara wa kudumu. Askari aliyerudi nazo asipozitafutia kazi ya kufanya, zenyewe zitajitafutia, na mara nyingi zitaipata katika sherehe na mikopo ya ndugu.

Wapo askari na polisi waliojifunza umeme, redio au mitambo wakiwa kambini. Mtu wa namna hiyo anapokaribia kustaafu, elimu yake ni mtaji wa kwanza. Asiyekuwa nayo asianze kwa kufungua jokofu la mtu. Aanze kwa kukaa miezi kadhaa chini ya fundi mzoefu, au ampeleke kijana wake katika shule ya ufundi. Mkewe naye asiachwe nje ya shughuli hiyo, kwani mara nyingi yeye ndiye atakayekaa dukani, kupokea wateja na kutunza hesabu mume akiwa zamu.

Vyombo vya kuanzia si vingi: seti ya bisibisi, koleo za aina mbili au tatu, chuma cha kulehemu kwa risasi, taa ya majaribio, na zaidi ya yote kipimo cha umeme, ambacho mafundi wengi hukiita mita. Fundi asiye na kipimo hubahatisha, na kubahatisha huko hulipiwa na mteja.

Mfano mdogo watosha kuonyesha faida ya kipimo. Pasi ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 230 huwa na ukinzani wa omu 53 hivi. Kipimo kikionyesha kuwa njia ya umeme imekatika kabisa, chanzo chaweza kuwa waya wa nje, fyuzi ya joto au waya wa joto wenyewe, na kila kimoja hupimwa peke yake. Mara nyingi ni waya wa nje uliochoka pale unapokunjwa kila siku. Hilo ni tengenezo la muda mfupi na gharama ndogo. Kadhalika, feni inayonguruma bila kuzunguka, ambayo huanza ikisukumwa kwa mkono, kwa kawaida ina kapasita iliyodhoofika. Haina haja ya mota mpya.

JOKOFU NDILO MTIHANI

Anayetaka kumtambua fundi mkweli na amtazame anapofika mbele ya jokofu lisilopoza. Fundi wa ovyo husema mara moja, "Gesi imekwisha." Fundi wa kweli huanza kwa kuuliza na kutazama. Mpira wa mlango umepasuka? Nyaya za nyuma zimejaa vumbi? Jokofu limesukumwa ukutani hata halipati hewa? Themostati yafanya kazi? Rilei ya kuwasha kompresa imeungua? Kila moja ya kasoro hizo yaweza kulifanya jokofu lisipoze, na hakuna hata moja inayohitaji gesi.

Yafaa kila mama wa nyumbani akumbuke jambo hili: gesi ya jokofu haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa katika kibatari. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, pana tundu. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu na kuliziba, kisha akatoa hewa na unyevu kwa pampu, hajatengeneza kitu. Ameuza majuma machache ya baridi.

Gesi zenyewe zimebadilika. Majokofu ya zamani yalitumia R12, iliyopigwa vita na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni. Ikafuata R134a, isiyodhuru ozoni lakini yenye kuongeza joto la dunia. Matumizi ya gesi za namna hiyo yameamriwa kupunguzwa hatua kwa hatua na marekebisho yaliyopitishwa Kigali Oktoba 2016. Majokofu mengi ya sasa hutumia R600a, ambayo huwaka kama gesi ya kupikia. Kabla ya kuwasha moto wa kulehemu, fundi lazima asome kibandiko kilicho nyuma ya jokofu au juu ya kompresa. Asiyekisoma ahatarisha uso wake na banda lake.

Hatari nyingine hujificha ndani ya jiko la mawimbi, liitwalo maikrowevu. Kapasita yake yaweza kushika volti zipatazo 2,000 hata baada ya plagi kung'olewa ukutani. Hiyo si kazi ya mwanafunzi. Fundi asiyefundishwa namna ya kuiondoa nguvu hiyo amwelekeze mteja kwa aliyefundishwa. Mteja mmoja akipotea, si msiba.

HESABU KABLA YA KIBAO

Wengi huandika kibao cha duka kabla ya kupiga hesabu. Yafuatayo ni makadirio ya mfano tu, na kila mtu aweke tarakimu za mahali pake. Ichukuliwe kwamba kwa mwezi banda hulipiwa faranga 80,000, umeme na maji 20,000, kijana msaidizi 100,000, na 50,000 zawekwa kwa ajili ya kodi na kununulia zana. Jumla ni 250,000. Tena ichukuliwe kwamba kila chombo kikitengenezwa, baada ya kuondoa bei ya vipuri, hubaki faranga 10,000. Basi vyombo 25 vya kwanza ni mali ya banda. Fundi hajapata hata chumvi ya nyumbani.

Akitaka kupeleka nyumbani faranga 350,000, atahitaji vyombo vingine 35. Jumla ni 60 kwa mwezi, yaani viwili au vitatu kila siku kwa siku 25 za kazi. Ikiwa 6 kati ya hivyo vitarudi kwa sababu havikutengenezwa sawasawa, navyo vitatengenezwa bure. Ni heri kuchelewa nusu saa kukijaribu chombo kabla ya kukitoa kuliko kukitengeneza mara mbili kwa malipo ya mara moja.

Hesabu hiyo humwonyesha askari kama aweza kuutegemea mradi huo baada ya kustaafu, au kama afadhali uwe nyongeza ya pensheni. Huonyesha pia kwa nini sanduku la banda na mfuko wa nyumba havipaswi kuchanganywa. Fedha aliyoacha mteja kwa ajili ya kipuri si ya kununulia unga. Nayo ikiliwa leo, kesho fundi huanza kumkwepa mteja.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kazi hii daftari hulinda fedha, na pia hulinda jina na uhuru wa mtu. Kila chombo kinapopokewa kiandikwe tarehe, jina na makao ya aliyekileta, aina, namba iliyopigwa na kiwanda, kasoro iliyoelezwa, na hali ya nje. Kifungwe karatasi yenye namba, na mteja apewe stakabadhi yenye namba hiyohiyo.

Polisi wanafahamu sababu yake. Televisheni iliyoibwa usiku yaweza kupelekwa kwa fundi asubuhi, ati ibadilishwe waya, kisha iuzwe. Askari wa upelelezi afikapo, fundi mwenye daftari huwa shahidi. Asiye nalo huwa mtuhumiwa. Mtu aletaye chombo na kukataa kutaja jina lake arudishwe nacho.

Bei nayo itajwe kabla ya kazi kuanza. Fundi akifungua chombo na kukuta ubaya mkubwa kuliko alivyodhani, asiendelee mpaka mwenye mali akubali. Kipuri kibovu kilichotolewa kionyeshwe kwa mteja. Dhamana ya mwezi mmoja iandikwe kwenye stakabadhi, pamoja na masharti juu ya vyombo vinavyoachwa kwa muda mrefu bila kuchukuliwa. Hali kadhalika, banda liwe na namba ya mlipa kodi itolewayo na OBR, mamlaka ya mapato iliyoanzishwa mwaka 2009, ili mwenyewe asiishi kwa kutazama barabarani ni nani anayekuja.

Na moto usisahauliwe. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea, na wafanyabiashara wengi wakapoteza kwa siku moja walichokusanya kwa miaka. Banda la fundi limejaa mali za watu. Umeme mkuu uzimwe jioni, chuma cha kulehemu kipoe mbele ya macho, na daftari lisilale bandani, liende nyumbani.

WAJIBU WA NYUMBANI

Wenye nyumba nao wana sehemu yao. Umeme ukikatika, plagi za jokofu na televisheni zing'olewe. Ukirudi, jokofu lingoje dakika kama tano kabla ya kuwashwa, ili msukumo wa gesi ndani ya kompresa upate kutulia; kompresa inayolazimishwa kuanza mapema huungua. Pasi isizungushiwe waya wake ingali moto. Chombo kinachopiga shoti kisitumiwe hata mara moja zaidi, hasa penye watoto na sakafu yenye maji.

Mama yule wa mikeke hatazamii muujiza. Atazamia kuambiwa ukweli: kilichoharibika ni nini, kitagharimu kiasi gani, kitakuwa tayari lini, au kama jokofu hilo halifai tena kutengenezwa. Fundi atakayemwambia hivyo, na kutimiza siku aliyoitaja, hatahitaji kutangaza kazi yake. Jirani wa mama huyo atakuja na feni, na shemeji yake atakuja na pasi. Hivyo ndivyo vyombo 60 vya mwezi vinavyopatikana.