Mzazi aliyepasuliwa asilazwe siku nzima

Katika kata ya Chonyonyo, wilayani Karagwe, kama ilivyo sehemu nyingi nchini, mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji hupokelewa nyumbani kama mtu aliyenusurika. Mama mkwe huchemsha maji, shangazi hukoroga uji, na amri hutolewa mapema: asinyanyuke kitandani, kidonda kitafumuka. Ni upendo, hakuna wa kubisha. Lakini kulala siku nzima bila kutikisa miguu huipa damu nafasi ya kuganda ndani ya mishipa.

Damu iliyoshuka miguuni hurudi juu ikisukumwa na misuli, hasa ya kigimbi, kila mtu anapopiga hatua. Misuli ikitulia, damu hutuama. Daktari Mjerumani wa karne ya 19, Rudolf Virchow, hukumbukwa kwa mambo matatu yanayogandisha damu: kutuama kwake, mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa tayari kuganda. Mzazi aliyepasuliwa anayo yote matatu. Mimba huiandaa damu igande upesi ili mama asivuje sana wakati wa kujifungua, na hali hiyo haikomi mtoto akizaliwa. Huendelea kwa wiki 6 hivi.

Bonge la damu likikaa mguuni huleta uvimbe na maumivu. Likichomoka, husafiri hadi kwenye mapafu, na hapo linaweza kuua kwa dakika chache.

Ndiyo maana wauguzi humhimiza mgonjwa akae, kisha asimame na kutembea, mara nyingi ndani ya saa 24 baada ya upasuaji. Ndugu huona ni ukatili. Wangemsaidia zaidi kwa kumshika mkono wakizunguka naye wodini, na kumpa maji ya kutosha akisharuhusiwa kunywa. Akiwa bado kitandani, avute vidole vya miguu kuelekea usoni, kisha avisukume chini, mara kadhaa kila saa.

Wapo wanaohitaji zaidi ya kutembea: aliyewahi kuganda damu, mwenye uzito mkubwa, mwenye saratani, au kijana wa bodaboda aliyevunjika paja na kulazwa wiki kadhaa mguu ukivutwa kwa mawe. Hao daktari anaweza kuwaandikia sindano ya heparini, inayochomwa chini ya ngozi. Haitolewi kiholela, kwa sababu inaweza kuongeza kuvuja damu. Hivyo kabla ya upasuaji daktari aambiwe yote: ugonjwa wa zamani, ndugu aliyewahi kuganda damu, vidonge vya uzazi wa mpango, hata dawa za miti shamba. Anayenyonyesha asiikatae sindano hiyo kwa kumhofia mtoto. Heparini haiingii kwenye maziwa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba hatari humfuata mgonjwa hadi nyumbani. Bonge linaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuruhusiwa, wakati hakuna tena nesi wa kuuliza. Na hapo ndipo mila ya kukanda inapoweza kuponza. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma kwenye kigimbi, bibi mwenye nia njema huleta maji moto na mafuta aanze kuusugua. Asiusugue. Mguu wa namna hiyo usikandwe hata kidogo. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe Nyakahanga au iliyo karibu zaidi.

Akianza kuhema ghafla, kifua kikimchoma anapovuta pumzi, akakohoa damu au akazimia, familia isisubiri kupambazuke. Usafiri utafutwe usiku huo huo, na wakifika mapokezi neno la kwanza liwe kwamba huyu alifanyiwa upasuaji, na tarehe yake itajwe. Anayekohoa na kuhema anaweza kudhaniwa ana nimonia tu, kama hakuna aliyetaja kisu.